Gari Lililopanda Milima Kinyumenyume

Vijana wangu wawili wa Mwatate, nanyi wengine wote mnaookota magari ya zamani kwenye mabanda ya watu, haya ndiyo majibu yangu. Mlikuja na ugomvi wenu hadi mlangoni pangu. Mmenunua gari kuukuu lililolala miaka mingi kwenye ranchi kule Kishushe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mmoja wenu anataka kulitia injini ya Kijapani, redio na viti vya ngozi. Mwingine anataka libaki vile vile lilivyotoka kiwandani, na nilivyomtazama usoni, nadhani hata mayai angependa yabaki. Mkanitaka niamue, kwa kuwa nimekula grisi maisha yangu yote. Mlipoondoka mlidhani nimekataa kujibu. Sikukataa. Nilikuwa nacheka, na kicheko kikinishika siku hizi hakiniachi mpaka niletewe maji. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwanza mjue mnamuuliza nani. Miaka ya hamsini nilikuwa fundi kijana pale Voi, kwenye gereji ya Mzee Athmani, karibu na reli, na mikono yangu ilikuwa inawasha. Sina neno lingine. Nikiona kitu kizima kinachofanya kazi yake vizuri, nilikuwa situlii mpaka nikiongezee kitu. Baiskeli ya katekista wetu niliifunga honi ya kubinya niliyoing'oa kwenye lori bovu. Alipoibinya mara ya kwanza, ng'ombe wa watu walitawanyika hadi ndani ya mkonge, naye mwenyewe akaanguka upande wa pili. Aliniombea sana yule katekista, na sidhani yalikuwa maombi ya kunitakia mema.

Magari ndiyo yaliyonitia wazimu zaidi. Wakati huo magari ya kabla ya vita yalikuwa yanauzwa na wenyewe wenye nafasi, na watu wetu walikuwa wanayanunua. Ukiniletea lile gari ambalo bwana mkubwa alikuwa akiendea dansi, nilichukua msumeno, nikakata kila kitu nyuma ya kiti cha mbele, nikajenga sanduku la mbao, na kufikia Jumamosi ulikuwa na boksibodi la kubeba makabichi. Wenye mashamba ya mboga milimani walinipenda. Wakamba wenye maduka hapo Voi walinipenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza urembo wa gari umekwenda wapi, kila mtu aliuliza litabeba magunia mangapi.

Na si magari tu. Palikuwa na mpiga picha mmoja, Bwana Mutua, mtu mcheshi, aliyesimamisha kamera yake ya miguu mitatu nje ya stesheni. Ilikuwa ya mbao, na katikati ilikuwa na ngozi iliyokunjwakunjwa, ya kuvuta na kurudisha ili picha ikae sawa. Ngozi ikatoboka, mwanga ukawa unaingia na kuharibu picha. Mtu mwenye akili timamu angeipeleka Mombasa. Bwana Mutua aliileta kwangu. Nikaziba matundu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na ile gundi ya kuzibia pancha, nikaikunja vizuri, nikaianika juani ikauke. Jua la Voi mnalijua. Gundi iliyeyuka, ikashikana, na ngozi ikagoma kufunguka tena kabisa.

Sasa, kamera ambayo ngozi yake imekunjamana hivyo huona vitu vya mbali tu. Mtu akisimama karibu anatoka kama moshi. Ikabidi Bwana Mutua awasimamishe wateja ng'ambo ya reli na kuwapigia kelele kutoka huku wasitikisike. Picha zilitoka safi, mtu mwenyewe mdogo kama kidole, na nyuma yake stesheni nzima, tangi la maji na mlima wote. Nilikaa siku kadhaa nikipita njia ya uchochoroni nisikutane naye. Kumbe watu walizipenda. Walisema picha za zamani zilionyesha uso tu, na uso wako jamaa zako wanaujua, lakini hizi zinaonyesha viatu na zinaonyesha kwamba kweli ulifika Voi. Watu walitoka Kasigau kwa miguu kuja kupigwa picha ya mbali. Nilipokwenda kumwomba Bwana Mutua nijaribu kuifungua ile ngozi, alinifukuza na kigoda.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyovimba kichwa. Niliamini hakuna kitu duniani ambacho mkono wangu hauwezi kukiboresha.

Mzee Athmani aliamini kinyume chake, na yeye ndiye aliyekuwa bosi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mfupi, safi, kofia nyeupe kichwani hata akiwa chini ya lori, na sijawahi kuelewa ile kofia ilibakije nyeupe. Kazi za wateja alituachia tukate tutakavyo, maana gari ni lao. Lakini mikono yake yeye ilirudisha kila kitu kilikotoka. Alitufundisha kutandika gunia chini na kupanga vyuma kwa mfuatano vilivyotoka, kuanzia kushoto, kisha wakati wa kurudisha unaanzia kulia. Mpaka leo mkifanya hivyo hamtabaki na skurubu mkononi huku mwenye gari anaondoka. Alitufundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, ili tusikie kinachogonga ndani. Alitufundisha kunusa plagi kabla ya kuisafisha. Na kila boliti, alisema, imeoana na tundu lake, usiipeleke kwa tundu jingine ukaleta fitina.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, alikuwa na gari lake mwenyewe. Lilikuwa limenizidi umri. Alipokuwa kijana alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge, na gari hilo ndilo alilopelekea wageni stesheni. Shamba lilipolitupa, yeye akalichukua. Lilikuwa na bodi ya mbao iliyotoka nayo kiwandani, kiti cha mbele cha watu wawili, na nyuma kibao cha abiria kilichofungwa kwa boliti nne, kisha kimlango cha kupakilia mizigo. Hakuna alichokuwa amebadilisha. Hata taa iliyopasuka kioo aliiacha imepasuka mpaka alipopata kioo cha aina ile ile, na kilichukua miaka kufika.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na halikuwa na pampu, petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini. Kwenye tambarare hakuna neno. Lakini ukianza kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, pua ya gari inainuka, injini inakuwa juu kuliko tangi, na petroli haiwezi kupanda mlima yenyewe. Gari linakohoa, linakufa. Dawa yake ni kuligeuza. Ukipanda kinyumenyume, tangi linakuwa juu, injini chini, na gari linapanda likiimba. Basi Mzee Athmani alipanda milima ya Taita kwa kurudi nyuma, kona baada ya kona, shingo imegeuka, kofia yake imekaa sawa. Watu wa Wundanyi walilijua kwa matako yake. Uso wake waliuona likishawapita.

Mimi nilimwambia mara nyingi tuhamishe lile tangi. Kazi ya siku moja, nitalipandisha juu karibu na kioo. Alinijibu kwamba gari si shati la kuongezewa mfuko.

Tungeendelea kubishana hivyo mpaka leo kama nisingempenda Wakesho.

Wakesho alilelewa na nyanya yake, Nyanya Saru, kule Maungu, kwenye nyumba ya mabati inayotazamana na reli. Nilikutana naye nilipokwenda kuvuta lori lililolala hapo barabarani. Alinipa maji ya kunywa na kuniuliza kama grisi ile usoni ni ya kazi au ni urembo. Kutoka siku hiyo, malori yaliyoharibika Maungu yalikuwa yanapata fundi haraka ajabu. Wakati mwingine nilifika kabla hayajaharibika.

Mambo yalikwenda vizuri. Wazee wa kwetu walishuka Maungu, wakaongea, wakakubaliana. Harusi ingefungwa kanisani Voi, kisha bibi harusi angepelekwa kwetu Werugha, juu ya Wundanyi, mama yangu akitungoja na chakula. Kwa lori Nyanya Saru alikataa katakata. Dada mkubwa wa Wakesho aliolewa milimani kwa lori, lori likashindwa na kona, likarudi nyuma mpaka Mwatate, na kabla mwaka haujaisha yule dada naye alikuwa amerudi Maungu na sanduku lake. Nyanya hakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Akataka gari dogo, la heshima. Magari madogo ya Voi yalikuwa ya wenye maduka makubwa na ya wakubwa wa serikali, watu wasioweza kumwazima fundi mwenye grisi masikioni. Nikamwendea Mzee Athmani, akakubali mara moja, akasema atanivalishia gari lile maua mpaka lifunikwe. Nikatuma habari Maungu nikiwa na furaha ya kupaa.

Jibu lilikuja na dereva wa lori: nyanya ananiita.

Nilimkuta ameketi nje, kiko mdomoni, anatazama treni ya mizigo ikipita. Aliniacha nimesimama mpaka behewa la mwisho likapita. Akauliza kama ni kweli gari la Athmani linapanda Wundanyi kinyumenyume. Nikasema ni kweli, lakini linafika. Akatoa kiko.

"Mimi nimekaa hapa kando ya reli tangu sijaota mvi," akasema. "Treni yenye inaenda, inaenda na uso. Yenye inarudi na matako, hiyo imeshindwa na safari, inarudi kwenye ilitoka. Huyu mtoto hataenda kwa bwana yake na matako, akiangalia Maungu njia yote. Atarudi kama dada yake."

Nilijaribu kueleza habari za tangi na petroli. Nilichora mchangani. Alitazama mchoro wangu kwa upole, akasema kama ninajua shida iko wapi basi nikaitengeneze, si mimi ni fundi? Na kama haitengenezeki, harusi itangoja hadi nipate gari lenye adabu. Wakesho alikuwa mlangoni, anasikia yote. Nilijua kungoja maana yake ni nini. Masika yalikuwa yanakaribia, na mvua ikianza barabara ya Wundanyi hufungwa kwa matope. Na kulikuwa na karani mmoja wa reli, kijana wa bara, viatu vinang'aa hadi unajiona ndani, ambaye alikuwa na tabia ya kumletea Nyanya Saru sukari bila kuombwa. Nilirudi Voi roho iko mkononi.

Mnaweza kufikiri Mzee Athmani aliniambia haya, chukua msumeno. Hapana. Alinisikiliza, akanihurumia kweli, akasema maadamu yu hai tangi lile halitahama. Nikamsihi. Mwishowe akakubali nijaribu jambo moja kwa sharti kwamba nisitoboe hata tundu moja, kila kitu kifungwe kwa kamba, na kikishindikana gari lirudi lilivyokuwa.

Nikachukua debe la petroli, nikalifunga juu ya paa, nikashusha mpira hadi kwenye injini. Tukaenda kwenye kilima cha nyuma ya mji, yeye kwenye usukani, mimi ubavuni. Vijana, gari lile lilipanda uso mbele. Kwa mara ya kwanza tangu litengenezwe lilipanda mlima likitazama linakokwenda, na mimi nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote, na Mzee Athmani, nilimwona kwa macho yangu, alitabasamu. Tukafika juu. Tukageuza. Kuteremka, petroli ikaja kwa nguvu yote ya debe, kabureta ikafurika, moshi mweusi ukatufunika, kamba ikalegea, mpira ukachomoka, na petroli ikamwagikia ile kofia nyeupe na kila kilichokuwa chini yake. Mzee alisimamisha gari, akashuka, akaenda akasimama peke yake katikati ya nyasi akidondoka.

Mkewe alimkataza kukaribia jiko. Kwa siku kadhaa alimlisha uani, akimsukumia sahani kwa kijiti kirefu. Na mimi nilipopiga picha kichwani ya Nyanya Saru amekaa ndani ya gari lile, petroli inadondoka, naye na kiko chake, nilikata kamba za debe mwenyewe bila kuambiwa.

Harusi ilikuwa imebakiza siku chache. Nikawa sili. Nikiwa kazini nilifunga magurudumu ya lori la mtu bila kuweka nati, na mwenzangu akaziokota. Siku moja mchana Mzee Athmani, bado ananuka kidogo, alikuja akachuchumaa karibu nami, akaniomba nirudie tena maneno ya nyanya yote, nisiruke kitu. Nikarudia. Treni, uso, matako, kuangalia Maungu njia yote.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema. "Huyo mama ataka gari litazame mbele, au ataka bibi harusi atazame mbele?"

Nilikuwa nimetoa macho. Yeye aliinuka, akachukua spana, akaenda chini ya turubai, akafungua zile boliti nne za kibao cha nyuma, akakiinua, akakigeuza, akakirudisha. Matundu yalilingana. Wale waliolitengeneza gari lile walitaka kibao kitoke wakati wa kubeba mizigo, kwa hiyo kilikaa vyovyote ulivyokiweka. Akafungua kimlango cha nyuma, akakaa pale, akatazama nje kwa nyuma ya gari kama sultani. Gari likipanda kinyumenyume, mwenye kuketi kwenye kibao kile anapanda uso mbele, anaona kila kona inavyokuja na kila nyumba. Akaniambia nihesabu boliti. Zote zilikuwa zile zile, kwenye matundu yale yale. Alikuwa amefurahi mno kwa kuwa hakubadilisha kitu.

Na hapa ndipo nawajibu ninyi wawili, kwa sababu mbele nitasahau. Mimi nilikuwa na msumeno, Mzee alikuwa na turubai, na wote wawili tulikuwa tunalitazama gari. Yeye ndiye aliyekumbuka kumtazama atakayelipanda. Kabla hamjakata na kabla hamjakataza kukata, kaeni mwulizane gari hilo litampeleka nani, wapi, na ataona nini njiani. Mkishajua, huenda mtakata kidogo. Huenda mtafungua boliti nne tu. Mayai ya kuku toeni lakini.

Nilikwenda Maungu, nikaeleza. Nyanya Saru alisema atakubali akiketi yeye mwenyewe kwenye hicho kibao, pembeni ya mjukuu wake, ahakikishe.

Siku ikafika. Kanisani sikumbuki kitu ila kola iliyokuwa inaninyonga. Tulitoka Voi tukiwa uso mbele kwa namna ya kawaida, mimi ubavuni mwa Mzee, na Wakesho na nyanya wakitazama nyuma, jambo ambalo nyanya alilivumilia kwa kufumba macho hadi Mwatate. Pale mlima unapoanza, Mzee Athmani akageuza gari, akavuta pumzi, tukaanza. Nyanya akafumbua macho. Mbele yake kulikuwa na milima yote ya Taita ikimjia. Akacheka kwa sauti. Sikujua kama alikuwa na kicheko cha namna ile.

Shida ya kwanza ni kwamba Mzee alizoea kugeuza shingo na kutazama nyuma penye uwazi. Leo uwazi wote ulikuwa umejaa shela ya Wakesho inayopepea na kilemba cha Nyanya Saru. Haoni chochote. Nyanya akajitolea kumwongoza. Akasema kushoto, Mzee akaenda kushoto, na gurudumu likaanza kuchungulia bonde. Mmoja alikuwa anatazama juu na mwingine anatazama chini, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Mzee akauliza kwa adabu, kushoto kwako mama, au kwangu? Nyanya akajibu kwamba kushoto ni kushoto, yeye hajui kushoto kwa watu. Tukaponea tena chupuchupu kwenye jiwe. Wakesho ndiye aliyetuokoa. Alimwambia nyanya yake aseme mlima au bonde, basi. Tangu hapo tulipanda vizuri. Mlima kidogo, bonde kidogo, mlima, mlima, Athmani, mlima.

Shida ya pili ilikuwa mguu. Magari yale yalikuwa na pedali tatu, na ya kati ndiyo ya kurudi nyuma. Ukiikanyaga linarudi, ukiiachia linakaa bure, kwa hiyo mguu haupumziki. Siku zote Mzee alikuwa anasimama kila baada ya kona kadhaa, anakunja goti, anaendelea. Alipotaka kusimama mara ya kwanza, Nyanya Saru alikataa. Bibi harusi hasimamishwi njiani, akasema, watu watafikiri tumebadilisha nia. Mzee akaendelea. Kona nyingine. Nikaona paja lake linatetemeka. Kona nyingine, na injini ikaanza kulegea kwa kuwa mguu ulikuwa unaachia. Akaninong'oneza kwamba mguu umekuwa maji.

Nikafanya kilichobaki. Nilivua koti, nikajipenyeza chini ya usukani, kichwa kwenye magoti yake, nikaishika ile pedali kwa mikono miwili na kuikandamiza kwa uzito wangu wote. Yeye akabaki na usukani na breki. Hivyo ndivyo nilivyopanda kwenda kuoa, vijana wangu. Tai ilikuwa mdomoni. Nilichokiona ni kandambili za Mzee Athmani na mbao za sakafu, na kati ya mbao, vumbi jekundu likipita. Juu yangu nilisikia mlima, bonde, mlima. Nilisikia watu wa Wundanyi wakishangilia kando ya barabara, na watoto wakipiga kelele kwamba gari lile lina bibi harusi matakoni. Nilisikia Wakesho akicheka, akimwonyesha nyanya yake migomba, mifereji ya maji, nyumba ya fulani, kama vile anapajua. Mikono yangu iliungua, mgongo ukafa ganzi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena sehemu yoyote, na wakati huo huo niliogopa. Nilikuwa nawaza kwamba sasa anaviona vyote, ule udongo mwekundu, mabati ya kwetu yenye kutu, miteremko ya kuchota maji, na Maungu ni tambarare na karani ana viatu. Nilikandamiza zaidi. Niliona nikiachia kidogo tu, gari litateremka na kila kitu changu hadi Mwatate.

Sikujua tumefika. Barabara ilikuwa imekaa sawa, Mzee alikuwa ameshika breki, injini ilikuwa imezimika, na mimi bado nimekandamiza. Nilisikia vigelegele nikadhani ni vya njiani. Nilisikia mama yangu akiuliza bwana harusi yuko wapi, na Mzee Athmani akijibu kwamba yupo, yuko kazini. Nyanya Saru alikuwa ameshashuka, anamwambia mama yangu kwamba amemletea mtoto uso mbele, amehakikisha mwenyewe kona kwa kona. Mtu akaniita. Sikusikia ni nani, masikio yalikuwa yamejaa injini.

Kisha mlango wa upande wangu ukafunguliwa, na shela nyeupe ikaingia chini ya usukani ikagusa grisi. Wakesho alikuwa ameinama. Aliishika mikono yangu, yote miwili, kwa mikono yake, juu ya ile pedali.

"Achilia sasa," akasema. "Tumefika kwetu."